Hukumu juu ya Mtu Asiyeweza Kujibu

Je, ni haki kumtwika marehemu kosa, kwa kuwa hawezi tena kujitetea? Habari ifuatayo ni ya kweli. Kila msomaji na aipime moyoni mwake.

Tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya abiria iliondoka Auckland, katika nchi ya Nyuzilandi, kuwapeleka watu kutazama Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia. Huko ikaugonga mlima Erebus, wenye kimo cha mita 3,794. Watu wote 257 wakafa.

Mwaka 1980 mkaguzi mkuu wa ajali za ndege alitoa taarifa yake: kosa kubwa ni la marubani, kwa maana walishuka chini mno, wala hawakuwa na hakika ya mahali walipo. Nao marubani wangejibu nini, hali wamekwisha kufa?

Lakini serikali ilimweka jaji, Peter Mahon, achunguze upya. Mwaka 1981 alieleza kwamba marubani walikuwa wameonyeshwa njia ipitayo juu ya bahari iliyoganda, kando ya mlima. Saa chache kabla ya safari, watu wa kampuni yao walibadili hesabu za njia, wasiwaambie. Njia mpya ikaelekea mlimani moja kwa moja. Tena weupe wa theluji uliungana na weupe wa mawingu, hata mteremko ukaonekana kama nchi tambarare. Basi jaji akawaondolea marubani lawama.

Hata hivyo, yeye naye alisema kwamba wakubwa wa kampuni walipatana kuficha ukweli. Mwaka 1983 baraza la rufani huko London likaamua kwamba hakupaswa kusema hivyo, kwani hakuwapa kwanza nafasi ya kulijibu shtaka hilo. Aliyewatetea wafu aliwahukumu walio hai bila kuwasikiliza.

Mwaka 2019, miaka 40 baada ya ajali, waziri mkuu wa Nyuzilandi aliwaomba radhi jamaa za marehemu, akatamka kwamba marubani hawakuwa na hatia.

Kijijini pia, chungu kikivunjika, hutajwa mtoto asiyekuwapo. Mali ikipotea, hutajwa mzee aliyezikwa. Ni rahisi, maana hawajibu. Lakini mwenye haki huuliza kwanza: ni nani ambaye hajasikilizwa? Naye asipoweza kusema, imempasa mwenye kuhukumu kutafuta kwa bidii maneno ambayo yeye angeyasema.