Yai la uzazi halitolewi sadaka



Dada mmoja katika darsa ya kina mama aliuliza swali ambalo wenzake walibaki wanatazamana. Ndugu yake wa tumbo moja yuko kwenye ndoa miaka tisa, hajajaaliwa mtoto. Ameambiwa hospitali kuwa mayai yake hayafai tena ila kizazi ni kizima. Akipata yai la mwanamke mwingine, likakutanishwa maabara na mbegu za mumewe, anaweza kubeba mimba. Familia nzima sasa inamtazama huyu mdogo mtu. Shemeji ameshaanza kutaja talaka. "Mwalimu, siuzi, natoa kwa huruma. Kuna ubaya gani?"

Tusimlaumu. Anayekubali kuchomwa sindano za homoni kila siku kwa zaidi ya wiki, kisha kuvutwa mayai kwa sindano ndefu, hafanyi mchezo. Lakini huruma nayo ina mipaka yake.

Tiba ya kupandikiza mimba yenyewe si haramu. Louise Brown, mtoto wa kwanza kupatikana kwa njia hii, Uingereza, Julai 1978, alitokana na yai la mama yake na mbegu za baba yake. Mirija ya mama ndiyo iliyokuwa imeziba. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa kuwa mume na mke wanaruhusiwa, ila asiingie mtu wa tatu. Mwaka 1986 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Amman, Jordan, ikapitia njia saba. Tano ikazikataza, ikiwemo hii ya yai la mwanamke mwingine.

Sababu ni nasaba. Na kwa ndugu wa tumbo moja jambo ni zito zaidi. Surat Nisaa aya ya 23 inamkataza mwanamume kuwakusanya dada wawili katika ndoa. Hapa mbegu zake zinakutana na yai la shemeji yake, na mkewe bado yumo ndani! Ni kweli hakuna aliyeguswa, na hatusemi ni zinaa yenye adhabu yake. Lakini mtoto ni wa nani? Surat Mujadila aya ya 2 inawataja mama kuwa ni wale waliozaa. Daktari atasema damu ni ya mama mdogo. Mirathi atadai wapi? Na wale anaowaita watoto wa mama mdogo, kumbe wametoka kwenye mayai ya mama mmoja. Mmoja akija kuposa baada ya miaka ishirini, nani atafungua mdomo?

Wengine watasema mbona Iran wanaruhusu. Naam, mwaka 1999 Ayatollah Khamenei aliruhusu. Ila hata kwa fatwa ile mirathi ya mtoto haihami kwenda kwa mpokeaji wa yai. Hata Uingereza, ambako sheria haitungwi kwa fiqhi, waliondoa usiri kwa watoaji kuanzia Aprili 2005. Mtoto akifika miaka 18 ana haki ya kujua nani alitoa yai.

Mwenye huruma anao mlango mwingine. Akijaaliwa mtoto wake wa halali, amkabidhi nduguye amlee na kumnyonyesha. Siku hizi madaktari wanaweza kumsaidia asiyezaa kupata maziwa, na kwa madhehebu ya Shafi, wanayoifuata wengi wetu, mtoto akinyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili, huyo ni mama yake wa kunyonya. Jina linabaki la baba mzazi, kama Surat Ahzab aya ya 5 inavyoamrisha.

Nanyi kina baba mnaotaja talaka, mmeshapimwa? Mara nyingi mno kasoro iko upande wetu, na mke anazungushwa hospitali peke yake.

Kwa waliokwisha kufanya, mtoto hana dhambi, asiitwe majina. Wazazi wamwendee sheikh wanayemwamini wamweleze ukweli wote, ili mambo ya ndoa na mirathi yake yapangwe kabla hajabaleghe.