Baba na Mwalimu wa Mpira: Wachunga Wawili wa Amana Moja

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, jambo tutakalolisema leo huenda baadhi yenu wakaliona dogo, lisilostahili kuandikwa katika kurasa za dini. Lakini si dogo. Kila alasiri vijana wetu huelekea viwanjani kucheza mpira. Huko yuko mtu awafundishaye, na wako vijana wanaomsikia yeye kuliko wawasikiavyo baba zao. Basi yatupasa tujiulize: baina ya mtu huyo na sisi wazazi pana nini? Pana masikilizano au pana uadui?

Tulishuhudia alasiri moja, baba aliingia uwanjani na mchezo ungali unaendelea, akamtukana mwalimu mbele ya watu kwa kuwa mwanawe ametolewa akatiwa mwengine. Mwalimu naye hakustahamili, akarudisha tusi kwa tusi. Kijana akasimama kati yao ameinamisha kichwa, machozi yamtoka. Tangu siku hiyo hakurudi uwanjani. Sasa twamwona barazani pamoja na watafunao mirungu. Wahenga walisema: fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Je, katika ugomvi ule ni nani aliyeshinda?

Natutazame mwendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Katika mwaka wa 3 wa Hijra, Waislamu walipokuwa wakitoka kwenda Uhud, vijana wadogo walitaka kwenda pamoja nao, naye akawarejesha. Wapokezi wa sira wasema kuwa Rafi' bin Khadij alikubaliwa kwa kuwa ni hodari wa kutupa mishale. Samura bin Jundub, aliyerejeshwa, akamwambia mume wa mamake kuwa yeye humwangusha Rafi' katika mieleka. Mzee akalifikisha neno hilo kwa Mtume. Mtume hakumkemea mzee, wala hakumkubali kijana kwa kumwonea haya mzazi wake. Aliwaamrisha washikane mieleka. Samura akamwangusha mwenzake, naye akakubaliwa.

Zingatieni. Kijana alimwambia mzazi wake. Mzazi alimwendea mwenye amri kwa adabu, hakwenda kulisema sokoni. Mwenye amri alisikiliza, kisha akapima kwa haki mbele ya macho ya watu. Lau mambo matatu haya yangalikuwako katika viwanja vyetu, ugomvi mwingi ungalikatika.

Ewe mwalimu, wewe ni mchunga, na utaulizwa juu ya uliowachunga. Fanya uadilifu. Mtume alikataa kumshuhudilia Bashir alipotaka kumpa mwanawe Nu'man kitu ambacho hakuwapa wanawe wengine. Basi usimtangulize mtoto wa tajiri aliyenunua jezi, ukamwacha benchini mtoto wa mchukuzi aliye hodari kuliko yeye. Waachilie vijana kabla ya Magharibi wapate kusali. Mkisafiri, waeleze wazazi mwendako, nani atakayekuwa nao, na saa ya kurudi. Wala usikae faragha na mtoto wa mtu. Kufanya hivyo kwamhifadhi mtoto, na kwakuhifadhi wewe na tuhuma.

Nawe mzazi, usimjue mwalimu siku ya hasira tu. Mwendee, msalimie, ulizia mwenendo wa mwanao. Wako walimu wasiolipwa hata senti moja, nauli huitoa mfukoni mwao. Na asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu. Usipige kelele ukingoni mwa uwanja kumwelekeza mwanao, kwani amri mbili humchanganya mtoto. Ukiwa na lalamiko, ngoja mpaka ghadhabu ishuke, kisha sema naye peke yenu. Na ukiletewa khabari mbaya, ipeleleze kwanza, kama tulivyoamrishwa katika Surat al-Hujurat. Lakini ikiwa mtoto amedhuriwa, usinyamaze kwa kuogopa aibu ya mtaa. Lifikishe kwa wenye mamlaka, kwani aibu iliyo kubwa ni ya mwenye kuificha dhulma.

Shauri letu ni jepesi. Kabla ya mashindano kuanza, wazazi na mwalimu wakutane siku moja baada ya sala ya Alasiri. Waafikiane juu ya saa za mazoezi zisigongane na chuo, juu ya nauli, na juu ya njia ya kupeleka malalamiko. Nusu saa ya maneno mema yaweza kuzuia fitina ya mwaka mzima.

Kombe huchukuliwa mwaka huu na hawa, na mwaka ujao na wale. Bali kijana akipotea, ni vigumu kumrudisha. Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atie mapenzi baina ya wanaowalea. Amin.