"Mti Tu"

Mwulizeni mtoto wa shule, "Ule pale ni mti gani?" Mara nyingi atajibu, "Ni mti tu." Jibu hilo si uongo, wala hatuna sababu ya kumkemea, maana hata baba yake, ikiwa amelelewa mjini, pengine angejibu vivyo hivyo. Lakini leo twataka kulitazama lile neno dogo "tu", na kuuliza kama mtu aweza kulitamka bila kubaki na deni. Je, kutokijua kiumbe tunachopita karibu nacho kila siku ni upungufu wa elimu peke yake, kama kutojua urefu wa mto wa nchi ya mbali, au ni upungufu wa namna nyingine, unaogusa haki?

Wapo wasemao kwamba jina haliongezi kitu. Mbuyu haunenepi kwa kuitwa mbuyu, na kivuli humpoza ajuaye na asiyejua. Tena jina lenyewe hubadilika njiani: mti uitwao mninga huko Tabora, ukifika kusini huitwa mtumbati. Hoja hii ina nguvu, nasi hatutaki kuidharau. Hata hivyo, hakuna awezaye kulijua jina la mti kwa kweli asipokuwa ameutazama mti wenyewe kwanza. Mninga hutambulikana kwa tunda lake la mviringo, lenye ukingo mwembamba mkavu kama karatasi, na katikati vijiba vikali vilivyosimama kama miiba ya kalunguyeye. Na gome lake likitiwa jeraha hutoka utomvu mwekundu kama damu. Aliyeyaona hayo hawezi tena kusema "mti tu". Jina kwake ni mpini wa kushikia yale aliyoyaona. Pasipo mpini huo humponyoka.

Na hapa ndipo mwenye kuhama kutoka hewa ya nchi moja kwenda nyingine hupata fundisho. Mtu wa bara akiteremka pwani huona mikoko yote kuwa kichaka kimoja cha matope. Mvuvi humwonyesha kwamba mlilana husimama mbele kabisa, panapopigwa na maji ya bahari. Kwamba mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopindana kama miguu ya buibui, na mbegu yake huchipua ingali inaning'inia kwa mama yake. Kwamba mchu hutoa mizizi midogo iliyosimama wima topeni ili upate kuvuta pumzi. Alambe jani la mchu upande wa chini, ataonja chumvi ambayo mti umeitoa mwilini mwake. Basi, kile kichaka kimekuwa mji, na kila mwenyeji ana kazi yake.

Kadhalika mtu wa pwani apandaye Kilimanjaro. Chini, katika migomba, ataona masale, ambayo Wachaga huyatumia kuombea msamaha; aliyekosewa akiletewa jani la isale, ni vigumu kwake kukataa mapatano. Akizidi kupanda, akaupita msitu na kufika kunako mita 3,500 na zaidi, atakuta mimea asiyopata kuiona popote: lobelia, ambayo usiku hukunja majani yake kukilinda kichipukizi kisife kwa baridi, na senesio kubwa, ambayo majani yake yakifa hayaanguki, bali hubaki yameuzingira mti kama blanketi. Mahali pale kila usiku ni kama kipupwe na kila mchana ni kama kiangazi. Atakayepita akitazama kilele peke yake atakuwa amefika, lakini amepitwa na mengi.

Hata Injili husomeka vizuri zaidi kwa mwenye kujua miti. Mkuyu aliopanda Zakayo kule Yeriko ni mkuyu huu huu usimamao kando ya mito yetu. Matawi yake huanza karibu na ardhi, nao waweza kumbeba mtu. Kwa hiyo mtu mfupi hakukosea kuuchagua. (Twadhani watoto wa mitoni walilielewa jambo hilo kabla ya wafafanuzi.)

Hata hivyo yapo pingamizi mazito kuliko lile la kwanza. Ni nani aijuaye miti ya pori kuliko mchoma mkaa? Yeye autambua mtundu na muba kwa gome, kwa uzito, hata kwa mlio wa shoka. Mfanyabiashara wa magogo naye aujua mpingo kwa mbali sana, ingawa mti huo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Ikiwa kujua ni kupenda, mbona wajuao ndio wakatao?

Twajibu hivi. Mchoma mkaa ameuliza swali moja tu, "Wanifaa nini?", na mti umemjibu swali hilo moja. Ujuzi wake ni wa kweli, lakini ni nusu. Hata hivyo, kabla hatujamhukumu, na tumtazame mnunuzi wake. Yule mkazi wa mjini, ambaye kila jioni huinjika maharage juu ya jiko la mkaa, hajui kama ni mtundu au muba uliomwivishia chakula, wala hajapata kuuliza. Katika hao wawili, sisi twaona kwamba wa pili ana deni kubwa zaidi. Wa kwanza walau ajua ni uhai gani ameukata, na njaa ya watoto wake ndiyo iliyomtuma. Wa pili amekula bila kujua, na kutojua kwake kumemstarehesha. Kuna ujinga ambao ni bahati mbaya, na kuna ujinga ambao ni mto wa kulalia.

Wala tusidhani jambo hili ni la miti mikubwa peke yake. Wakati wa njaa watu huchimba ndiga porini, kiazi cha mtambaazi wenye majani matatu matatu na miiba shinani. Kiazi hicho kina sumu. Mama mwenye ujuzi hukimenya, hukikatakata vipande vyembamba, hukiloweka majini siku kadhaa akibadili maji, ndipo hukipika; asiyejua hukipika siku ile ile, na nyumba nzima yaweza kufa. Ujuzi huo hauko katika vitabu vya shule nyingi. Uko kwa bibi, na bibi amezeeka.

Tena yapo mambo ambayo hata wataalamu hawakuyajua hadi juzi. Katika milima ya Udzungwa umesimama mti ufikao mita 40, mti ambao shina lake watu kadhaa hawawezi kulikumbatia. Nao haukuandikwa katika vitabu vya elimu ya mimea hadi mwaka 2025, ulipopewa jina la Tessmannia princeps. Mwingine, Karomia gigas, ulipatikana nchini Kenya mwaka 1977, mti mmoja peke yake, na baadaye huo nao ukakatwa. Mwaka 1993 ukaonekana tena kusini mwa Tanzania. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakakuta michache iliyosalia. Mbegu zake zikapelekwa hata Missouri, Marekani, ili wajaribu kuziotesha. Twajiuliza ni mingapi iliyokatwa kabla ya kufikiwa na yeyote mwenye kalamu.

Basi, yafaa wazazi na walimu wafanye nini? Shule zetu nyingi zimezungukwa na mikaratusi na migrivea ya Australia, mijakaranda ya Amerika ya Kusini, na mikrismasi ambayo asili yake ni Madagaska. Hatuwachukii wageni hao. Mwembe nao ulikuja kutoka Asia, na leo ni nani atakayeung'oa? Lakini si vema mtoto amjue mgeni na asimjue mwenyeji. Jumamosi moja na watolewe nje ya uwanja wa shule, pamoja na mzee mmoja wa mahali hapo. Wasichukue jani peke yake, maana majani hufanana. Watazame na gome, na tunda, na namna majani yalivyopangana katika kitawi. Wavunje jani na kulinusa, lakini wasionje kitu mpaka mzee aseme. Kila mmoja awe na daftari. Na mzee akitaja jina la Kinyamwezi au la Kihehe ambalo halimo katika kamusi yoyote, mtoto aliandike hivyo hivyo alivyolisikia.