Mgema Kumsifu Mgema

Kila Desemba nina tabia moja: nasoma orodha za gemu zilizopendwa mwaka mzima. Za wahakiki nazipitia harakaharaka. Ninazokaa nazo ni zile za watengenezaji wenyewe, pale studio inapowauliza watu wake, mchoraji, mtunga muziki, mwandishi wa programu, kila mmoja ataje gemu iliyomkosesha usingizi. Na karibu wote hutaja kazi za watu wengine. Yaani gemu zinazogombea mteja yuleyule, pesa ileile na saa zilezile za usiku.

Hivi, kumsifu mshindani wako hadharani ni adabu tu, ni biashara, au ni wajibu?

Chukua mwaka 2024. Mwezi Februari ilitoka Balatro, gemu ya karata iliyojengwa juu ya poka, ambamo jokeri huvuruga kanuni hadi hesabu zinakuwa kichaa. Aliyeitengeneza ni mtu mmoja anayejiita LocalThunk, na jina lake halisi hakulitangaza. Mwisho wa mwaka Balatro ikasimama kwenye The Game Awards ikigombea gemu ya mwaka pamoja na kazi za studio kubwa. Taji hilo lilienda kwa Astro Bot, ila Balatro iliondoka na tuzo ya gemu bora ya kujitegemea. Miongoni mwa ilizozishinda hapo ni Animal Well ya Billy Basso, naye mtu aliyejifungia na kazi yake kwa takribani miaka 7.

Sasa, LocalThunk naye alitoa tuzo zake mtandaoni, nusu utani, akaziita Golden Thunk. Gemu yake ya mwaka? Animal Well.

Sisi tumelelewa na methali inayokataza jambo hili: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nimeisikia nyumbani, shuleni, na nilipoanza uandishi nikaikuta imekaa chumba cha habari kama mhariri wa zamu. Ukiandika vizuri, hakuna anayesema kitu. Ukikosea jina la waziri, utaitwa.

Ila methali ile, ukiitazama vizuri, haisemi nani anamsifu mgema. Mimi naona ni mnywaji. Mnywaji husifu utamu, na utamu unaweza kuongezwa maji asijue. Mgema mwenzake ni habari nyingine. Yeye amekwea mnazi uleule, anajua upepo wa huko juu, na maji kwenye tembo atayaonja kabla ya wote. Sifa yake haimlevyi mtu. Inamwambia: nimeona ulipopita, na najua palikuwa pagumu.

Nakubali, zipo sifa za nikune nikukune. Leo nakutaja, mwakani unanitaja. Dawa yake ninayoijua ni kuuliza anayesifu anataja nini. Wa kweli hukwambia sauti ya mlango fulani, au namna gemu inavyokuacha ushindwe bila kukudhalilisha. Wa biashara husema tu, “kazi kubwa”.

Nakubali pia kwamba sifa haijazi sufuria. Gemu iitwayo Hi-Fi Rush, ya studio ya Tango Gameworks ya Japani, ilipendwa sana mwaka 2023, ikachukua hadi tuzo ya BAFTA ya uhuishaji Aprili 2024. Mei, Microsoft ikatangaza kuifunga studio. Baadaye kampuni ya Krafton ya Korea Kusini ndiyo iliyoinusuru. Orodha zote zile za wapenzi hazikuuzuia mlango usifungwe.

Na mimi pia ningeulizwa, ningekuwa na yangu. Ningeitaja Tales of Kenzera: Zau, ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambamo kijana anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Salim aliitengeneza akiwa na msiba wa baba yake mwenyewe. Na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili! Mimi niliyekulia kwenye mabanda ya gemu, nikilipia dakika kwa sarafu na kubahatisha maana ya Kiingereza cha kwenye skrini, nilisikia lugha ya mama yangu ikitoka kwenye spika. Je, huo ni upendo au ni upendeleo? Maneno hayo mawili yana mzizi mmoja, na sina uhakika kwamba ni lazima niyatenganishe. Ninachodaiwa ni kusema wazi kwa nini, ili msikilizaji apunguze mwenyewe anachotaka kupunguza.

Nayasema haya kwa sababu nina deni. Miaka michache iliyopita, kwenye kikao cha kufunga mwaka, mhariri alituuliza ni makala gani iliyotugusa kati ya zetu wenyewe. Nilijua jibu. Dada mmoja, mkubwa kwangu kidogo, alikuwa ameandika kuhusu wavuvi wa dagaa, makala ambayo niliisoma mara tatu nikitafuta kosa. Nilitafuta kosa, jamani. Zamu yangu ilipofika nikasema, “Zote zilikuwa nzuri.” Yeye alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu.

Februari mkataba wake haukuongezwa. Maneno yangu yasingemwokoa, mambo yale huamuliwa na hesabu. Lakini aliondoka bila kujua kwamba kuna mtu wa kazi yake aliyeuona ule mnazi.

Desemba iliyopita, nikiwa katikati ya orodha za studio fulani, nilimwandikia. Nikamwambia makala yake ndiyo ilikuwa bora mwaka ule, na kwamba nililijua hilo siku ileile. Kimya cha siku mbili. Kisha akajibu: “Asante kaka. Ila kipi hasa?”

Nikaitafuta makala, nikaisoma mara ya nne. Nikamtajia aya ambapo mvuvi anahesabu ndoo kwa vidole, anafika kwenye kidole kilichokatika, anakihesabu hivyohivyo.

“Aya hiyo,” akaniandikia, “walitaka kuikata.”