Neno la Mdhamini

Mwezi Juni 2003, katika mkoa wa Kunar, mashariki mwa Afghanistan, mkulima mmoja alipata habari kwamba Wamarekani wanamtafuta. Kambi yao ya Asadabad ilikuwa imerushiwa maroketi, na jina lake lilikuwa limetajwa. Angetaka kukimbia angekimbia: mpaka wa Pakistan uko jirani, na milima ya huko haimnyimi mtu pa kujificha. Yeye akaenda kwa gavana, Said Fazel Akbar. Gavana akamshauri ajipeleke mwenyewe kambini akajieleze, na ili asiende peke yake akamtoa mwanawe Hyder, kijana wa miaka 18 aliyekulia Marekani, amsindikize na kumtafsiria.

Mkulima yule aliingia kambini kwa miguu yake, na hakutoka hai. Alifariki tarehe 21 Juni akiwa kizuizini, baada ya kupigwa tochi kubwa na mateke na David Passaro, askari wa zamani aliyekuwa akifanya kazi kwa mkataba na CIA. Mwaka 2006 mahakama ya Raleigh, North Carolina, ilimtia Passaro hatiani kwa shambulio, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka minane na miezi minne, ambacho baadaye kilipunguzwa. Kwa kosa la kuua hakushtakiwa. Hyder alikuwa miongoni mwa mashahidi.

Kuhusu kesi yenyewe wameandika wengi. Mimi mawazo yangu hunasa kwenye ile safari fupi, kutoka kwa gavana hadi lango la kambi. Gavana alimpa yule mkulima nini hasa? Alimpa jina lake, na zaidi ya jina, alimpa mwanawe. Kwa desturi za Wapashtuni wa huko, na hata kwetu, mtu aliyekukimbilia amekuwa wako. Akidhurika, umedhurika wewe.

Anayejua vituo vya polisi vya Dar es Salaam anaijua sura ya jambo hili. Ndugu yako amewekwa ndani, unakwenda serikali ya mtaa kuomba barua, unarudi na kitambulisho na mtu mwenye anuani inayoeleweka, naye anaandika jina lake chini ya jina la ndugu yako. Mambo huweza kuharibika hapo kwa namna nyingi, kila mmoja wetu ana kisa. Lakini polisi wa zamu na mdhamini wanasoma karatasi ileile kwa macho yaleyale. Ikivunjwa dhamana, kila upande unajua nani atamtafuta nani.

Asadabad karatasi hiyo haikuwepo. Gavana alitambuliwa na Kabul, na Kabul ilitambuliwa na Washington, lakini utambuzi huo uliishia langoni. Hapakuwa na utaratibu uliomwezesha kudai aonyeshwe mtu aliyemleta. Hati ambazo serikali hizo mbili zilibadilishana mwaka 2002 na 2003 ziliwakinga watu wa jeshi la Marekani wasishtakiwe katika mahakama za Afghanistan. Kuhusu Mwafghani anayechukuliwa na jeshi hilo, gavana alibaki na mazoea mema na makamanda tu. Mazoea si mamlaka, na kiongozi wa mkoa anapoyachanganya hayo mawili, anayelipa ni raia.

Ni rahisi kusema, basi angemweleza ukweli: nitakusindikiza, lakini yatakayokupata ndani siwezi kuyasemea. Nami ningependa kusema hivyo, maana naamini uungwana wa mpatanishi huanzia kwenye kujua neno lake linaishia wapi. Tatizo ni kwamba neno la kweli nalo lina gharama. Mkulima akisikia hivyo atatoroka. Akitoroka, kutoroka kwenyewe kutageuka ushahidi. Usiku wa tatu au wa nne helikopta zitatua karibu na nyumba yake, mlango utavunjwa, na watakaokuwa wamelala ndani ni mama, wake na watoto. Misako ya usiku ya namna hiyo ndiyo iliyowachukiza Waafghani kuliko karibu jambo lingine lolote katika vita vile. Gavana alikuwa akipima hatari mbili, na sioni kwamba alipima kwa moyo mbaya.

Wala si kila kiongozi wa mahali alikuwa Fazel Akbar. Desemba 2002, huko Khost, kijana dereva wa teksi alikamatwa pamoja na abiria wake na wanamgambo wa Kiafghani, wakamkabidhi kwa Wamarekani kwa madai ya kurusha maroketi. Alikufa kwa kipigo akiwa katika gereza la Wamarekani la Bagram, na baadaye ikabainika kwamba hakuwa na hatia. Kamanda wa wanamgambo wale alikuja kushukiwa yeye mwenyewe kuhusika na maroketi yale. Ndege za Marekani zilikuwa zimedondosha vikaratasi vya kuahidi fedha nyingi kwa atakayesaidia kuwakamata maadui, na mahali penye ugomvi wa mashamba na wa koo, tangazo kama hilo humpa mtu nafasi ya kumuuza jirani yake. Kwa hiyo askari mgeni aliyeshuku kila aliyemletea jina hakuwa mpumbavu. Ila shaka ile ilipaswa kumfanya achunguze kwanza, kabla hajamfunga mtu minyororo.

Baadaye mambo yaligeuka kwa namna ya ajabu. Familia za wafungwa wa Bagram zilikaa miaka bila kuwaona watu wao; Januari 2008 ndipo Shirika la Msalaba Mwekundu lilipofanikiwa kuanzisha mazungumzo ya video, ndugu wakiwa ofisini mjini Kabul na mfungwa akiwa Bagram, wakitazamana kwenye skrini. Kisha, kuanzia 2010, jeshi la Marekani likawa linawaita wazee. Mfungwa aliyeonekana si tishio alirudishwa mkoani kwake, kikao kikafanywa mbele ya maofisa wa serikali, yeye akaahidi kuishi kwa amani, na wazee wa kijiji wakatia sahihi kwamba watamwangalia.

Nakipenda kikao kile, na kinanikera. Nakipenda kwa sababu hatimaye kuna karatasi ambayo pande zote mbili zinaisoma. Kinanikera kwa sababu ya swali moja ambalo mzee yeyote angekuwa na haki ya kuliuliza: kama neno langu linatosha kumtoa mtu huyu, mbona halikuulizwa siku mlipokuja kumchukua? Jeshi lililokosa imani ya wenyeji lilikuwa linaikopa kwa wazee, wakati waliokuwa wakiwaua wazee kwa kosa la kushirikiana na wageni walikuwa kijiji cha pili.

Kabul ilichukua njia ya mikataba. Machi 2012 waziri wa ulinzi wa Afghanistan, Abdul Rahim Wardak, na Jenerali John Allen wa jeshi la Marekani walitia sahihi makubaliano ya kukabidhi gereza la Bagram, na Aprili makubaliano mengine ya kuwatanguliza Waafghani katika misako ya usiku. Makabidhiano ya gereza yalikamilika Machi 2013. Februari 2014 serikali ya Rais Karzai iliwaachia wafungwa 65, Wamarekani wakalalamika kwamba ni watu hatari. Sina sababu ya kudhani wote 65 walikuwa wema. Lakini nchi isiyoweza kumwachia mfungwa ila kwa idhini ya mgeni haijakabidhiwa gereza. Imekabidhiwa funguo tu.

Mwanzoni mwa Julai 2021 Wamarekani waliondoka Bagram usiku, na kamanda wa Kiafghani, Jenerali Mir Asadullah Kohistani, aliwaambia waandishi kwamba alipata habari saa kadhaa baadaye. Tarehe 15 Agosti Taliban walifungua gereza la Bagram. Waafghani waliowahi kufanya kazi na Wamarekani walihangaikia viza maalumu za Marekani, na fomu zake zilidai uthibitisho wa ajira. Wakalimani wengi walikuwa na barua hizo, ingawa hata wao wengi waliachwa. Mzee aliyetia sahihi kumdhamini kijana wa jirani hakuwa na cha kuambatanisha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwajiri.