Jina Langu Juu ya Kazi ya Mwingine

Baba mmoja wa parokia za milimani ametuletea barua ya kurasa mbili. Mwana wake amesoma uganga miaka saba. Ili kulipa masomo hayo, baba aliuza kipande cha shamba la kahawa na ng'ombe mmoja. Mwana amemaliza, amepewa diploma, na sasa anafanya kazi katika hospitali ndogo, watu wanamwita daktari. Ndipo mdogo wake, siku ya ugomvi, akatoboa siri. Kile kitabu cha kumaliza masomo, ambacho wanafunzi wanakiita memwari, kaka hakukiandika. Alikinunua katika kibanda cha kompyuta na fotokopi karibu na chuo. Kilikuwa kazi ya mwanafunzi wa mji mwingine, wa miaka ya nyuma. Walibadili jina la mwenyewe, wakabadili jina la hospitali, wakabadili mwaka. Hesabu za wagonjwa wakaziacha jinsi zilivyokuwa.

Baba anauliza: "Nani ameibiwa? Yule wa kwanza angali anacho kitabu chake, wala hajui neno. Chuo kimelipwa feza zake. Mwana wangu anatibu watu vizuri. Je, hiyo ni dhambi kweli, ao ni ujanja tu wa vijana?"

Swali hili si la mtu mjinga, nasi hatutaki kulijibu kwa kusema tu "amri ya saba" na kufunga mlango. Mwizi wa mbuzi anamwacha mwenye mbuzi bila mbuzi. Mwizi wa maneno anamwacha mwenye maneno na maneno yake yote. Basi wizi uko wapi?

Waroma wa kale walikuwa na neno, plagiarius. Maana yake ni mtu anayeteka watoto ao watumwa wa wengine na kuwafanya wake. Mshairi wao Martialis, katika karne ya kwanza, alimtupia neno hilo mtu mmoja aliyekuwa akisoma mashairi yake mbele za watu kama kwamba ameyatunga yeye. Tangu hapo lugha nyingi za Ulaya zinaliita kosa hili kwa jina la utekaji. Sisi wa upande huu wa Kongo tunaweza kuelewa vizuri kuliko wengi. Babu zetu walijua misafara ya Maniema na ya Tanganyika. Mtoto aliyetekwa alipewa jina jipya, na baada ya miaka michache hakuna aliyejua tena kwao ni wapi, mama yake ni nani, wala ukoo wake unaugua ugonjwa gani. Kosa la yule mtekaji halikuwa kumpunguzia baba mtoto mmoja tu. Alikata njia ya kurudi.

Na maneno ya uganga ni vile vile. Mtu akiandika kwamba kati ya watoto mia waliopewa dawa fulani themanini walipona, msomaji anapaswa kujua: watoto gani, hospitali gani, nani aliwahesabu, mwaka gani. Akiwa na shaka, arudi kuuliza. Ukibadili jina la mwenye kuhesabu na jina la hospitali, hesabu imekuwa mtoto aliyetekwa. Huwezi tena kumrudisha kwao.

Wengine watasema: "Hayo ni mawazo ya Wazungu. Kwetu maarifa ni ya wote. Nani mwenye methali? Nani alikuwa wa kwanza kugundua jani la kutibu tumbo?" Tunajibu: sikilizeni namna wazee wetu wanavyosema. Mzee hasemi methali kama yake. Anaanza: "Wazee walisema." Na mwenye kujua dawa za miti, ukimwuliza, anakuambia: "Nilionyeshwa na mjomba, naye alionyeshwa na fulani." Tena anajisifu kwa ukoo huo wa walimu, maana ndio unaowafanya watu wamwamini. Anayesema "nimeota tu usiku" anaogopwa. Basi desturi ya kutaja mwenye neno haikuletwa na meli.

Neno lingine la kujitetea lina uzito zaidi, nasi tunalikubali nusu. Wanafunzi wengi wamefundishwa kunakili tangu shule ya msingi. Mwalimu anasoma nota kwa sauti, watoto wanaandika. Siku ya mtihani wanarudisha maneno yale yale, na aliyebadili neno moja anapunguziwa. Miaka kumi na miwili ya namna hiyo, halafu ghafula chuo kinamwambia: "Sasa andika yako mwenyewe." Lini alionyeshwa? Na profesa anayesoma nota zilizozeeka kuliko wanafunzi wake hana haki ya kushangaa sana. Wako tena wakubwa ambao wanaweka jina lao juu ya kazi ya kijana kwa sababu tu ofisi ni yao. Kijana anaona, naye anajifunza. Lakini hayo yanapunguza lawama ya mwana, hayageuzi alichofanya. Hakukosea alama za kunukuu. Alilipa feza, akatia saini.

Turudi kwa swali: nani ameibiwa?

Mwaka 1980 magazeti ya Marekani yalifichua mambo ya Elias Alsabti, mganga kijana aliyefika huko mwaka 1977 akitoka Yordani. Alikuwa akichukua kazi ya watu wengine, mara nyingi zilizotoka katika magazeti yasiyosomwa sana, akaondoa majina yao, akatia lake, akapeleka katika gazeti la mbali. Kazi za namna hiyo zilikuwa makumi. Mmoja aliyeumizwa alikuwa mwanafunzi wa Kansas: kazi yake ilikuwa ingali inangoja kuchapwa Ulaya, kumbe imekwisha kutoka Yapani na jina la mwingine. Fikirini kijana huyo akisoma. Sasa ni nani atakayeaminiwa kwamba ndiye mwenyewe? Basi hata mwenye maneno anaibiwa kitu: haki ya kujulikana kwamba alitoka jasho.

Lakini aliyeibiwa zaidi yuko kitandani, wala hasomi magazeti hayo.

Katika Ujerumani kulikuwa na mganga wa usingizi, Joachim Boldt, mtu wa sifa kubwa. Aliandika sana juu ya serumu fulani yenye wanga, inayotiwa katika mshipa wa mgonjwa aliyepoteza damu. Kazi zake zilisema serumu hiyo haina hatari. Katika miaka 2010 na 2011 ilijulikana kwamba wagonjwa wa kazi moja walikuwa wa kubuni, na kwamba kazi nyingi zilifanywa pasipo ruhusa inayodaiwa. Zaidi ya 80 zikafutwa. Mwaka 2013 wataalamu walihesabu upya majaribio yote ya serumu ile, wakiziondoa kazi zake. Ndipo ikaonekana waliyoshindwa kuiona kwanza: kati ya wagonjwa mahututi waliotiwa serumu hiyo, waliokufa na walioharibika figo walikuwa wengi zaidi. Kwa miaka waganga wema, wenye dhamiri safi, walitundika chupa ile wakidhani wanasaidia. Waliamini karatasi.

Mtaniambia: "Boldt alidanganya hesabu, mwana wa yule baba alinakili tu." Angalieni vizuri. Aliponakili wagonjwa wa mji mwingine na kusema ni wa hospitali hii, mwaka huu, amebuni wagonjwa. Labda katika hospitali hii ugonjwa ule haupo kabisa, ao dawa ile imekwisha kushindwa. Kesho mkubwa wa afya wa jimbo anatafuta hesabu ili ajue apeleke dawa gani, anakuta memwari ile, anaitumia. Wagonjwa wasiokuwako wanakula dawa za wagonjwa walioko.

Na kinyume chake tumekiona kwetu. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 upande wa Beni, Butembo na Ituri. Vita ilikuwako, watu hawakuwaamini waganga, wengine walivunja vituo. Katikati ya hayo, wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura na kupewa dawa moja kati ya nne, na waganga na wauguzi wetu waliandika kila siku nani ameamka na nani amekufa. Agosti 2019 hesabu zilionyesha wazi kwamba dawa mbili zinapita nyingine. Kwa dawa moja ya zile zilizoachwa walikufa karibu nusu; kwa ile inayoitwa mAb114, kama 35 katika mia. Siku ile ile waliacha dawa zilizoshindwa. Kama muuguzi mmoja wa Mangina, amechoka, amevaa nguo ile ya moto, angalikuwa na mazoea ya kunakili mstari wa jana, tusingalijua.

Dawa hiyo mAb114 ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na mmoja wa walioitafuta ni Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyesoma uganga Lovanium na virusi Leuven. Yeye ndiye aliyetumwa Yambuku mwaka 1976, katika hospitali ya misioni, wakati ugonjwa haukuwa na jina. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, akamshawishi sista mmoja mgonjwa kusafiri naye mpaka Kinshasa. Damu ilipelekwa Antwerp, na virusi vikaonekana. Miaka mingi vitabu vya nje vilitaja waganga wa Ulaya na Marekani, na jina la Mkongomani yule likapitwa upesi. Hatusemi kwamba mtu fulani aliiba. Wengi walifanya kazi kweli kweli. Lakini tulipoona jina lake limesahauliwa, tulilalamika sote, na kwa haki. Basi tusiwe watu wa kulalamika tunapopunjwa na mataifa, halafu kucheka mtoto wetu anapomfuta mtoto wa jirani.

Juu ya "ujanja wa vijana" tutasema machache. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walichunguza waganga 235 walioadhibiwa na serikali, wakawalinganisha na 469 wasioadhibiwa, wote wa shule tatu za uganga. Walipofungua karatasi zao za shule, mwenendo mbaya ulionekana kwa walioadhibiwa mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine. Si wote walinakili. Wengi walikuwa wavivu wa wajibu, ao watu wasiokubali kuonywa. Tena wako waliokosa shuleni wakawa waganga wema. Lakini tunajua jinsi mazoea yanavyoingia. Saa nane ya usiku karatasi inadai joto na msukumo wa damu wa mama aliyezaa jioni. Ni rahisi kuandika zile za saa sita. Zinafanana. Hakuna anayeona. Mama yule anavuja damu polepole, na karatasi inasema hajambo.

Ndiyo sababu neno la baba, "anatibu watu vizuri", halitutoshi. Nani kijijini anaweza kumpima? Mnunuzi wa kitambaa anakivuta mikononi. Mnunuzi wa samaki ananusa. Mgonjwa anafungua kinywa na kumeza. Diploma iliwekwa kwa ajili yake, ili watu wengine wamjaribu mganga mahali pake. Mwaka 1960, tulipopata uhuru, hapa nchini hakuwako bado Mkongomani aliyemaliza masomo yote ya udaktari. Lovanium ilikuwa ina umri wa miaka sita tu. Wazazi wetu walitamani diploma ile kama mvua. Leo vijana wana hata mashine za kompyuta zinazowaandikia kurasa kumi kabla chai haijapoa. Mashine hiyo haitaitwa usiku kwa mama yule.

Sasa, afanye nini? Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu na barua hii mbele yetu.

Katika wizi Kanisa linadai kurudisha. Mbuzi unarudisha mbuzi. Hapa atarudisha nini? Wengine kati yetu walisema: atangaze mbele ya watu wote. Wengine: akae kimya, kijiji kisikose mganga wake wa pekee. Hatukupatana mara moja. Mwishoni tuliona hivi. Cha kwanza kurudisha ni maarifa yaliyokosekana. Memwari ile ilikuwa juu ya degedege za watoto; basi afungue daftari la hospitali yake, awahesabu watoto wake wa kweli, aandike waliopona na waliokufa, ampelekee mganga mkubwa wa zone akasahihishe. Hiyo ni kazi ya miezi, inaumiza. Cha pili, kitabu kile cha uongo kisiendelee kukaa katika maktaba ya chuo kikidanganya wasomaji. Hakuna njia ya kukiondoa pasipo kusema neno kwa profesa. Chuo kinaweza kumwadhibu, hata kumnyang'anya diploma. Hatuwezi kumwahidi baba kwamba hayatatokea. Tunajua tu kwamba anayekwenda mwenyewe anapokewa tofauti na anayekamatwa. Cha tatu, yule mwanafunzi wa kwanza, kama anajulikana, aombwe radhi. Huenda yuko pia katika kituo fulani cha mbali, na atashangaa kusikia kwamba kazi yake ilisomwa na mtu.

Na baba mwenyewe? Aliuza ng'ombe pasipo kujua, hana lawama. Asimtangaze mwana sokoni, wala asimfiche akijifanya hajui. Amwite, wazungumze wawili, mdogo asiwepo.

Alituomba tusitaje mji wake. Hatuutaji. Tumemjibu kwa mkono, na mletaji wa barua alituambia kwamba ng'ombe wa pili, aliyewekwa kwa ajili ya sherehe ya diploma, angali zizini, na hakuna anayesema tena juu ya sherehe.