Haki ya Kuonyesha

Tuseme wanafunzi wa shahada ya uzamili wamefika Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kuandaa maonyesho ya sanaa ya leo. Watachagua vinyago, vyungu na mikeka ya mafundi wa Kimwera, Kimakonde na Kimakua. Watavipanga na kuviandikia maelezo. Je, elimu yao yawapa haki ya kuamua kipi kionekane na kipi kifichwe?

Swali hili si geni huko kusini. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijakwisha, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vitu vya wenyeji na kuvipeleka kwao. Jina lake latajwa hata leo. Majina ya wengi waliovitengeneza hayatajwi. Hapo twaona kwamba kuonyesha ni aina ya mamlaka.

Wako watakaosema: kijana huyu ni ndugu yetu, si mkoloni. Ni kweli, lakini undugu peke yake hautoi ruhusa. Katika jando la Wamakonde, kinyago cha usoni kilikuwa na siri yake. Asiyeingia jandoni hakupaswa kujua ni nani aliyekivaa. Msomi akikitundika ukutani bila kuuliza, aifichua siri ambayo hakukabidhiwa.

Wengine watadai kwamba tukingoja idhini, mchwa watakula kila kitu. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, kuhifadhi ni jambo moja na kutangaza ni jingine: kitu chaweza kutunzwa bila kuanikwa. Tena iko njia ya tatu. Mwaka 1994 Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilianzisha siku za utamaduni ambapo jamii zilijieleza zenyewe.

Basi, kwa maoni yetu, haki ya kuonyesha haitokani na shahada wala kabila, bali na kukubali kuwajibika kwa fundi. Yapasa aulizwe, atajwe kwa jina, alipwe stahili yake, na maonyesho yafunguliwe Ruangwa kabla ya kupelekwa mjini. Akikataa, kazi yake ibaki nyumbani, hata kama maonyesho yatapungukiwa.

Wazee walinena: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Msomi ndiye apaswaye kuwa wa kwanza kuuliza.